Fedha Isiyo na Masharti: Kaya ya Nabuyoga kati ya Kodi na Ruzuku



Somo letu la uraia leo linaanza na neno moja: sharti. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, na wingi wake ni masharti. Sharti ni jambo ambalo usipolitimiza, hupati kile unachokitaka. Mwenye nyumba hupangisha chumba kwa sharti la kulipwa mapema. Benki hutoa mkopo kwa sharti la kuwekewa rehani. Sasa jiulize: umewahi kusikia mtu asiyekufahamu akikupa fedha nyingi bila kukuuliza utanunua nini, bila kukuhubiria, na bila kukudai uirudishe?

Jambo hilo limetokea katika vijiji vya mashariki mwa Uganda na magharibi mwa Kenya. Naomba ufikirie Nabuyoga, kata iliyomo wilayani Tororo, katika nchi ya Wapadhola, si mbali sana na miji ya mpakani ya Malaba na Busia. Watu wa huko ni wakulima wa mihogo, mtama, wimbi na karanga. Katika kata kama hiyo, kupewa fedha bila masharti ni habari ya kushangaza, na mshangao huo una historia yake. Kwa zaidi ya miaka 100, fedha iliingia katika nyumba za wakulima wa eneo hili ikiwa amri: lipa, lima, rudisha. Ukiifahamu historia hiyo ndipo utakapoelewa kwa nini fedha isiyo na masharti ilipokewa kwa furaha na baadhi ya watu, kwa hofu na wengine, na kwa nini inatuachia swali zito la uraia.

Fedha ilipoingia ikiwa amri

Uingereza iliitangaza Uganda kuwa nchi lindwa mwaka 1894. Mwaka 1900 ulitiwa saini Mkataba wa Buganda, ambao pamoja na mambo mengine uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Upande wa mashariki, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, alikuwa akisonga mbele na askari wake, akijenga ngome mpaka Budaka na baadaye Mbale. Nyuma yake wakaja maajenti wa Kiganda waliowekwa kuwatawala Wapadhola, Wateso, Wagwere, Wanyole na Wasamia. Eneo lote likaitwa Bukedi, na kodi ikafuata.

Wakati huohuo mpaka ulikuwa ukichorwa. Mwaka 1902, jimbo la mashariki la Uganda ya wakati ule, lililofika mpaka Naivasha, lilihamishiwa nchi lindwa ya Afrika Mashariki, ambayo tangu 1920 inaitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wako pande mbili za mstari ambao wao hawakuuchora. Kumbuka mstari huo, kwa maana tutaurudia.

Mkulima wa Bukedi angeipata wapi rupia? Hakuwa nayo, na chakula chake hakikuihitaji. Jibu la serikali lilikuwa pamba. Mbegu zilianza kugawiwa Uganda mnamo 1903 na 1904, na baada ya miaka michache machifu na maajenti walikuwa wakiamuru kila nyumba ilime shamba la pamba. Pamba hailiwi, hulimwa ili iuzwe, na katika miaka ile ililimwa kwanza ili kodi ilipwe. Aliyeshindwa kulipa aliweza kuchukuliwa kufanya kazi ya serikali bila ujira.

Hapa, mwanafunzi wangu, lugha yenyewe ni shahidi. Tazama majina ya fedha katika Kiswahili. Rupia na pesa yalitoka Bara Hindi. Fedha na sarafu ni ya Kiarabu. Hela iliachwa Tanganyika na Wajerumani. Shilingi na senti yaliletwa na Waingereza, na shilingi ikachukua nafasi ya rupia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Biashara ya pwani ilikuwa imeleta baadhi ya majina hayo karne nyingi kabla ya ukoloni. Lakini bara, kwa mkulima wa kawaida, sarafu na karani wa kodi walifika pamoja.

Kodi ilibadilika jina mara kadhaa, na katika miaka ya 1950 ikaja kodi ya viwango, ambayo kila mwanamume alikadiriwa kulingana na mali yake. Mkadiriaji alikuwa chifu, na chifu alikuwa na rafiki zake na adui zake. Mnamo Januari 1960 hasira ililipuka Bukedi. Watu waliandamana kupinga makadirio waliyoyaona kuwa ya dhuluma, nyumba za machifu zikachomwa moto, na watu wakapoteza maisha. Huo ulikuwa mwaka wa pili kabla ya uhuru. Kodi yenyewe haikuondoka na mkoloni. Iliendelea hadi mwaka 2005 iliposimamishwa, na wazee wengi wa Uganda wanakumbuka wanaume waliolala vichakani wakikwepa msako wa watoza kodi.

Basi picha iliyobaki katika kumbukumbu za kijiji ni hii: mtu wa mbali anapokuja na daftari, akiuliza una ng’ombe wangapi na paa lako ni la nini, anakuja kuchukua.

Msaada wenye masharti

Baada ya uhuru walikuja pia watu wenye madaftari waliotaka kusaidia. Wao nao walikuja na masharti. Mbegu iligawiwa kwa sharti kwamba upande zao walilolichagua wao. Mkopo ulitolewa kwa sharti la kuunda kikundi, kuhudhuria semina na kurudisha na riba. Hata leo serikali ya Uganda inatumia njia ya namna hiyo. Mwaka 2022, huko Kibuku, wilaya iliyokuwa sehemu ya Bukedi ya zamani, ilizinduliwa programu ya maendeleo ya parokia, ambayo kila parokia hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa hadi shilingi milioni 1 kwa riba nafuu, kwa shughuli za uzalishaji zilizoidhinishwa.

Duniani nako mtindo mpya wa msaada ulianza na masharti. Mexico mwaka 1997, kisha Brazil mwaka 2003, zilianzisha mipango mikubwa ya kuwapa akina mama maskini fedha taslimu, mradi watoto waende shule na kliniki. Tanzania ilifuata njia hiyo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza majaribio yake mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, na huko ndiko lilikozoeleka neno ambalo wewe mwanafunzi utalikuta magazetini: uhawilishaji fedha. Kuhawilisha ni kuhamisha kitu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Anayepokea huitwa mlengwa, na anachopokea ni ruzuku. Neno ruzuku lina shina moja na riziki, lile jambo ambalo Mswahili humwachia Mungu alipange.

Je, sharti lina faida? Tusilidharau. Utafiti uliofanywa Zomba, Malawi, kati ya 2008 na 2009 uliwalinganisha wasichana waliopewa fedha kwa sharti la kwenda shule na wale waliopewa bila sharti. Kundi la sharti lilihudhuria shule zaidi. Lakini miongoni mwa wasichana waliokwisha kuacha shule, ni fedha isiyo na sharti iliyopunguza ndoa na mimba za mapema, kwa sababu iliendelea kuwafikia hata baada ya kushindwa kutimiza matakwa ya shule. Aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi ndiye ambaye sharti lingemwacha nje.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ndiyo hoja yote ya wale wanaotetea fedha isiyo na masharti. Wanasema kwamba mpangaji wa mipango aliyeko Kampala, Nairobi au Washington hajalala katika kitanda cha mkulima wa Nabuyoga, na kwa hiyo hawezi kujua kama kunguni wanaomuuma ni deni la duka, paa linalovuja, au mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare.

Simu ilipovuka mpaka

Fikra hiyo ilihitaji chombo, na chombo kikapatikana hapahapa kwetu. Mnamo Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Miaka miwili baadaye, mwaka 2009, MTN ikaanzisha huduma kama hiyo Uganda. Kwa mara ya kwanza fedha iliweza kumfikia mkulima bila kupita mikononi mwa chifu, karani au mwenyekiti wa kikundi.

Eneo la mpakani lilikuwa limekwisha kuzoea watafiti. Katika Busia ya Kenya, kuanzia mwaka 1998, Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza ugawaji wa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi, na kazi ya aina hiyo ilichangia kumpatia Kremer sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Shirika la GiveDirectly, lililoanzishwa na wanafunzi wa uchumi huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 2000, lilichagua Kenya magharibi kuwa mahali pa kuanzia, na mwaka 2013 likaingia pia mashariki mwa Uganda.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Wafanyakazi waliingia kijijini, wakazungumza na viongozi na kuitisha mkutano. Kisha walipita nyumba kwa nyumba. Katika miaka ya mwanzo alama ya umaskini ilikuwa paa la nyasi: mwenye nyasi aliandikishwa, mwenye mabati hakuandikishwa. Wakaguzi wengine walirudi kuhakikisha. Mwishowe ujumbe ukaingia katika simu, mara nyingi kwa awamu mbili au tatu, na jumla yake katika mradi mkubwa wa Siaya ilikuwa takriban dola 1,000 kwa kaya. Kiasi hicho kilikaribia robo tatu ya matumizi ya kaya kwa mwaka mzima.

Uamuzi ndani ya nyumba

Tuichukue kaya moja ya kufikirika, mfano wa kaya nyingi. Ina baba, mama, watoto watano na bibi. Wana ekari mbili, jembe la mkono, kuku wachache, na nyumba ya nyasi ambayo nyasi zake huhitaji kubadilishwa kila baada ya muda mfupi. Elimu ya msingi ya bure ilianza Uganda mwaka 1997, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana hununuliwa. Miezi kabla ya mavuno ya kwanza ghala huwa tupu, na kaya hukopa dukani au hulimia wengine ili ile, ikiliacha shamba lake lenyewe lichelewe kupaliliwa. Hivyo njaa ya mwaka huu huzaa njaa ya mwaka ujao.

Ukiitazama kaya hiyo vizuri utagundua kwamba haikosi akili wala bidii. Inakosa fedha ya mkupuo. Mabati ni nafuu kuliko nyasi ukihesabu miaka 10, lakini mwenye nyasi hawezi kulipia miaka 10 kwa siku moja. Dume la kukokota plau lingelima ekari zote mbili kwa wakati, lakini haliuzwi robo robo. Watu hujaribu kuivuka hali hii kwa vikundi vya kuweka na kukopa, na wanafika, ila polepole, na ugonjwa mmoja huweza kuyala yote yaliyowekwa.

Sasa ujumbe umeingia katika simu. Usiku ule kaya inafanya kikao ambacho haijawahi kukifanya: kikao cha kuchagua. Baba anataka ng’ombe. Mama anataka paa na deni la duka lilipwe. Kijana mkubwa ana ndoto ya pikipiki ya bodaboda. Ngoja nikuambie kwa ufupi asili ya neno hilo, maana lilizaliwa hapahapa. Kati ya kituo cha forodha cha Uganda na kile cha Kenya palikuwa na mwendo mrefu wa miguu, na vijana wa Busia na Malaba wakawa wanawavusha abiria kwa baiskeli wakiita “boda, boda”, yaani mpaka hadi mpaka, kwa matamshi yao ya neno la Kiingereza. Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki nzima.

Hatuna haja ya kubuni jinsi kikao hicho kinavyoishia, kwa sababu watafiti wamefuatilia vikao vingi vya namna hiyo.

Yaliyoonekana Rarieda na Siaya

Utafiti wa kwanza mkubwa ulifanywa Rarieda, kaunti ya Siaya, kuanzia mwaka 2011, na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro. Walipata kwamba kaya zilizopokea zilikula vizuri zaidi, zikanunua mabati na mifugo, na zikapata mapato makubwa zaidi kutokana na kilimo na biashara ndogo. Waliopewa kidogo kidogo kila mwezi walielekea zaidi kuwa na uhakika wa chakula. Waliopewa kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka, na mapitio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2014, yaliyokusanya tafiti kutoka nchi nyingi, yalifikia matokeo hayohayo. Kupigwa kwa wanawake majumbani kulipungua.

Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi, Siaya hiyohiyo, kati ya 2014 na 2017. Miguel yuleyule wa dawa za minyoo alikuwa miongoni mwa walioongoza. Vijiji 653 viliingizwa, na kaya zaidi ya 10,500 zikapokea fedha, jumla ya zaidi ya dola milioni 10. Swali sasa lilikuwa la kijiji kizima. Je, fedha nyingi hivyo zingepandisha bei na kumwumiza asiyepokea? Bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu. Kaya ambazo hazikupokea chochote nazo ziliongeza matumizi, kwa sababu aliyepokea alimlipa fundi, akanunua kwa mwenye duka, naye mwenye duka akanunua kwa mkulima. Watafiti walikadiria kwamba kila dola 1 iliyoingia ilizaa shughuli za kiuchumi za takriban dola 2.5.

Lakini tokeo lililonigusa zaidi lilitangazwa mwaka 2025, watafiti waliporudi na kuhesabu watoto waliozaliwa na waliofariki katika vijiji hivyo. Vifo vya watoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu katika kaya zilizopokea. Sababu mbili zilijitokeza. Mama mjamzito aliyekuwa na fedha aliweza kupumzika kazi nzito za shamba katika miezi ya mwisho, na aliweza kwenda kujifungulia hospitali. Upungufu wa vifo ulikuwa mkubwa zaidi pale ambapo kituo cha afya chenye daktari kilikuwa karibu. Na fedha zilipokwisha, nafuu hiyo nayo ilififia.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho. Fedha iliweza kumfikisha mama hospitali, lakini haikuweza kuijenga hospitali. Kaya inajua kunguni wa kitanda chake, ndiyo. Ila barabara, daktari na mwalimu si vitu ambavyo kaya moja huweza kuvinunua sokoni.

Upande wa kivuli

Haitakuwa haki nikikupa nuru tu. Jambo la kwanza ni hofu. GiveDirectly ilipoingia Homa Bay, Kenya, mwaka 2015, karibu nusu ya kaya zilizoalikwa zilikataa. Uvumi ulienea kwamba fedha hizo ni za mashetani na kwamba atakayezipokea atakuja kudaiwa mtoto. Wako waliowacheka watu hao. Sisi tuliopitia historia ya kodi tuwaelewe: kwa mzee aliyeishi katika dunia ambamo hakuna fedha iliyokuja bila mdai nyuma yake, swali “mtanidai nini?” ni swali la busara. Waliposikia jibu “hatukudai chochote,” walilitafuta lile deni lililofichwa.

La pili ni wivu. Nyumba mbili zinatazamana. Moja ina nyasi, nyingine ina mabati yaliyochakaa, yaliyonunuliwa kwa miaka ya kujinyima. Wa nyasi anapokea, wa mabati anakosa. Aliyejitahidi jana anahisi ameadhibiwa leo. Ndiyo maana baadhi ya miradi ya baadaye iliamua kumpa kila mtu kijijini, kama ule wa Siaya na Bomet unaowapa watu wazima wa vijiji kadhaa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12.

La tatu ni wizi. Mwaka 2023 GiveDirectly ilitangaza kwamba huko Kivu ya Kusini, Kongo, takriban dola 900,000 zilizokusudiwa familia maskini ziliibwa, na baadhi ya wafanyakazi wake walihusika. Simu humpita chifu, lakini haimpiti kila mwizi.

La nne ni muda. Kaskazini mwa Uganda, mwaka 2008, vikundi vya vijana vilipewa ruzuku ya takriban dola 382 kwa kila mtu ili wajifunze ufundi na kununua vifaa. Baada ya miaka 4 mapato yao yalikuwa yamewapita wenzao kwa asilimia 38. Baada ya miaka 9 wenzao walikuwa wamewafikia. Ruzuku iliharakisha safari, haikuibadilisha njia.

Na la tano lina kejeli ya historia. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ya Uganda iliweka kodi ya asilimia 1 juu ya miamala ya fedha za simu. Wananchi walipinga, na kabla mwaka haujaisha kodi ikashushwa hadi asilimia 0.5 kwa fedha inayotolewa tu. Simu iliyoleta ruzuku bila sharti ikawa mahali pa kutozea kodi, na aliyetoka kupokea riziki kwa wakala akakatwa kabla hajafika nyumbani.

Hisani au haki?

Sasa tuurudie ule mstari wa mwaka 1902. Hebu tuwafikirie madada wawili, mmoja ana miaka 75 na anaishi Busia ya Uganda, mwingine ana miaka 73 na anaishi Busia ya Kenya. Kenya ilianzisha mwaka 2018 malipo ya shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wazee wa kuanzia miaka 70 wasio na pensheni. Uganda nayo ina ruzuku ya wazee, shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, iliyoanza kwa majaribio katika wilaya chache mnamo 2011. Ilipopanuliwa nchi nzima, umri wa kuanzia uliwekwa 80. Kwa kanuni hizo, mdogo ana stahili na mkubwa hana, ingawa walizaliwa na mama mmoja.

Tofauti hiyo haikuletwa na umaskini wao. Ililetwa na siasa na sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inataja hifadhi ya jamii kuwa haki ya kila mtu. Katiba ya Uganda ya 1995 inazungumzia ustawi wa wazee katika malengo ya taifa, kwamba dola itaweka utaratibu unaofaa wa kuwatunza. Haki na lengo si kitu kimoja. Raia huweza kwenda mahakamani kuidai haki. Lengo hulikumbusha tu.

Hapa ndipo fedha ya shirika, hata ikiwa nzuri kiasi gani, inapofikia mwisho wake. Mfadhili hana sharti kwa mlengwa, na mlengwa naye hana sharti kwa mfadhili. Hakumpigia kura. Hawezi kumwuliza kwa nini kijiji hiki na si kile, wala kwa nini mwaka huu na si mwaka ujao. Mfadhili akifunga ofisi, hakuna ibara ya kumrudisha. Kodi, pamoja na ukatili wake wote wa zamani, iliwapa watu wa Bukedi wa mwaka 1960 kitu kimoja ambacho ruzuku ya mfadhili haiwezi kutoa: sababu ya kusimama na kusema, “Hii ni fedha yetu, tuambieni inakwenda wapi.”

Kwa hiyo, ndugu msomaji, miaka hii ya fedha isiyo na masharti imetufundisha mambo mawili, na ningependa uyashike yote mawili. Imetuonyesha kwamba kaya maskini, ikiaminiwa, hutumia fedha kwa busara, na kwamba dhana ya “wakipewa watalewa” haina ushahidi. Na imetuonyesha kwamba imani hiyo inapaswa kutoka kwa wale ambao raia anaweza kuwauliza maswali. Shirika limekwisha kuuthibitisha ukweli wa jambo. Kulifanya liwe la kudumu ni kazi ya bunge, bajeti na kura, na watu wa Nabuyoga wana haki ya kuzungumza katika zote tatu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya maneno haya kwa kutumia mifano yako mwenyewe: kodi, mkopo, hisani, ruzuku, haki.

2. Methali “kitanda usichokilalia hujui kunguni wake” imetumika kutetea fedha isiyo na masharti. Tafuta methali nyingine ya Kiswahili inayoweza kutetea upande wa pili, kisha uitetee.

3. Chukua nafasi ya mmoja wa watu wa ile kaya ya kufikirika: baba, mama, kijana au bibi. Andika aya mbili ukiwashawishi wengine kuhusu matumizi ya fedha iliyoingia katika simu.

4. Je, ungekuwa mbunge wa Tororo, ungependelea kila kaya maskini ipewe fedha mkononi, au fedha hizo zijenge kituo cha afya? Toa sababu zako, na ueleze ni nani atakayekuuliza maswali baada ya uamuzi wako.